Asili ya Misimu ya Migahawani: Maneno Matatu katika Mazingira ya Old Korogwe

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili tatizo la kubainisha asili ya misimu itumikayo migahawani nchini Tanzania. Rejesta ya hotelini hufundishwa zaidi kwa upande wa sarufi yake: mhudumu huuliza "Nani ng'ombe?", mteja hujibu "Mimi kuku", wala hakuna anayekwazika, kwa kuwa muktadha hujaza kilichoachwa. Asili ya msamiati wake huachiwa masimulizi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba umbo la neno na sababu ya kuteuliwa kwake ni mambo mawili yanayodai ushahidi tofauti.

2.0 Mazingira

Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge, zao lililoingizwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, yalivuta vibarua kutoka sehemu nyingi. Baadaye barabara iendayo Moshi na Arusha iliufanya mji huo kuwa mahali pa wasafiri kupata chakula. Hivyo, Kisambaa, Kizigua, Kibondei na lugha za wahamiaji zimeishi bega kwa bega na Kiswahili. Hata jina la kata, Old Korogwe, lina kivumishi cha Kiingereza kilichotangulia nomino, kinyume cha mpangilio wa Kiswahili. Katika mahali pa namna hii, neno lisikikalo leo laweza kuwa limeshuka na abiria jana. Kusikika kwake hapo si ushahidi kwamba lilizaliwa hapo.

3.0 Uchambuzi

3.1 Mamantilie

Neno hili limeundwa kwa "mama" na "nitilie", yaani kitenzi "tia" katika kauli ya kutendea. Kudondoshwa kwa irabu ya kiambishi "ni-" ni jambo la kawaida katika usemi. Ombi la mteja limegeuzwa kuwa jina la muuzaji. Hapa umbo na sababu vinaafikiana, na asili yaweza kukubaliwa bila shaka kubwa. Ikumbukwe kwamba "mama lishe" halikutokana na mabadiliko ya sauti ya neno hilo. Ni uteuzi mpya unaompa mwanamke huyo heshima ya kazi yake badala ya kumtambulisha kwa sauti ya anayemwagiza.

3.2 Zege

Chipsi zilizokaangwa pamoja na mayai huitwa "zege". Sitiari iko wazi: vipande vya viazi ni kokoto, na yai ndilo saruji inayovishikanisha. Hata hivyo, uwazi wa sitiari hauthibitishi kwamba neno lilibuniwa na mafundi ujenzi. Mtu yeyote aliyewahi kuona zege likikorogwa angeweza kulibuni.

3.3 Kitimoto

Nyama ya nguruwe huitwa "kitimoto". Umbo ni "kiti" na "moto", lakini sababu ina utata. Wapo wanaodai kuwa mlaji aliyekatazwa na dini yake hukaa kwa wasiwasi, kama aliyekalia moto. Wengine hulihusisha na "kiti moto" cha mtu anayehojiwa kwa maswali makali. Maelezo yote mawili hueleza umbo lilelile, hivyo umbo haliwezi kuamua kati yake. Linalodhihirika ni kazi ya neno, yaani tasfida. Kama "mbuzi katoliki", humwezesha mteja kuagiza bila kumkera jirani wa meza. Lakini kujua kazi ya neno si kujua chimbuko lake.

4.0 Hitimisho

Reuster-Jahn na Kiessling (2006) wameonyesha kuwa lugha ya mitaani huundwa kwa sitiari, ukopaji na uchezeaji wa maumbo. Njia hizo zaweza kutoa maelezo kadhaa yanayovutia kwa neno moja. Mtunga kamusi anayechagua lile tamu zaidi huigeuza hadithi kuwa historia, na wanafunzi huirithi. Inapendekezwa kwamba kila kidahizo cha msimu kionyeshe tarehe na mahali pa ushahidi wa mwanzo. Maelezo ya asili yasiyo na ushahidi huo yaandikwe kama masimulizi, nayo yote yawekwe sambamba.