Flopi za Zamani na Namna ya Kuzihifadhi

Wasomaji wengi wa gazeti hili hawajapata kuona flopi kwa macho, ila ile alama yake ndogo inayobonyezwa mtu akitaka kuhifadhi kazi katika kompyuta. Basi na tuanze na kitu chenyewe. Flopi ni kisahani chembamba cha plastiki kilichopakwa unga wa chuma unaoshika sumaku, nacho hukaa ndani ya ganda. Maandishi, michezo na picha huandikwa juu yake kwa nguvu ya sumaku, katika miduara, na kila mduara umegawanywa vipande.

Kisahani hiki huzeeka. Gundi inayoushika unga hulegea, na penye unyevu kuvu huota juu yake. Tena kichwa cha mashine kinachosoma hukigusa kisahani chenyewe, hivyo kama unga umelegea, huko kusoma ndiko kunakoukwangua. Huenda usomaji mmoja ukawa wa mwisho. Ndiyo maana mhifadhi mwenye busara haifungui flopi ya zamani apate kuchungulia tu. Hunakili yote kwanza.

Nakala hiyo huitwa picha ya flopi, ingawa si picha ya kutazamwa. Ni faili moja lenye kila kilichokuwa juu ya kisahani, kwa mpangilio wake, hata vipande vinavyohesabiwa kuwa vitupu. (Katika vitupu hivyo mara nyingi hukutwa kazi iliyofutwa, kwa kuwa kompyuta hufuta jina katika orodha na kuyaacha maneno mahali pake.)

Tutwae mfano wa kweli. Mwaka 1985 kampuni ya Commodore ilizindua kompyuta iitwayo Amiga mjini New York, na mchoraji mashuhuri Andy Warhol akachora nayo mbele ya watu. Alifariki mwaka 1987, na flopi zake zikawekwa katika jumba la makumbusho lenye jina lake mjini Pittsburgh. Commodore nayo ikafilisika mwaka 1994. Mwaka 2011 msanii Cory Arcangel aliulizia michoro ile, na baadaye chama cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, katika mji huo huo, kikaishika kazi.

Haikuwa rahisi. Flopi ya Amiga huingia barabara katika mashine ya kompyuta nyingine, lakini haisomeki. Amiga huandika vipande 11 katika kila mduara, kwa mtindo wake peke yake, na mashine nyingine hazijui vipande hivyo vinaanzia wapi. Kwa hiyo wakatumia chombo kisichouliza habari za vipande. Chenyewe hupima tu muda uliopo kati ya badiliko moja la sumaku na jingine, kisha programu hutafuta maana. Ni kama mtu asikiaye lugha asiyoijua, akanasa sauti yote ili mjuzi aje kuifasiri.

Wakakuta majina ya mafaili kama campbells.pic, lakini programu za siku hizi hazikuweza kuyafungua, ikabidi wachunguze jinsi yalivyoundwa. Uchunguzi huo ulifanywa juu ya nakala. Aprili 2014 michoro ilitangazwa, ukiwamo mkebe wa supu na sura ya Warhol mwenyewe.

Na michezo je? Hiyo huhitaji mashine iliyo hai. Hapo hutumika emuleta, yaani programu inayoiga kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta ya leo. Ukiipa picha ya flopi, Amiga hiyo ya kuigwa huisoma kana kwamba umetia kisahani chenyewe.

Ukipata flopi, izuie kwanza isiandikwe. Ile ya inchi 3.5 ina kitundu chenye kifuniko: kitundu kikiwa wazi, haiandikiki. Ile ya inchi 5.25 ni kinyume kabisa: ni lazima pengo la ubavuni lizibwe. Wengi huchanganya mambo haya mawili.

Zoezi: Flopi ya Amiga ina pande 2, kila upande miduara 80, kila mduara vipande 11, kila kipande baiti 512, jumla ni baiti 901,120. Flopi ya Apple II hutumia upande 1, miduara 35, vipande 16, na baiti 256 kwa kila kipande. Je, picha yake ina baiti ngapi?