SOMO LA KUCHORA: KARIBU NA MBALI

Karatasi ni bapa, haina mbele wala nyuma. Basi barabara ndefu inaingiaje humo?

Mwanakisomo mmoja wa Upanga, Dar es Salaam, aliichora Barabara ya Umoja wa Mataifa. Aliipa upana uleule toka chini ya karatasi hadi juu, na nguzo za taa zote kimo kimoja. Wenzake wakamwuliza, "Mbona umechora ngazi?" Yeye alichora anachokijua: barabara haipungui upana, na nguzo zote ni sawa. Lakini anayetaka picha yake iwe na umbali hana budi kuchora kile jicho linachokiona.

Tulipime jicho. Simama kando ya barabara iliyonyooka. Nyoosha mkono, shika penseli wima, fumba jicho moja. Kama nguzo iliyo hatua 60 kutoka kwako inachukua sentimita 10 za penseli, nguzo ya kimo hichohicho iliyo hatua 120 itachukua sentimita 5 tu. Umbali ukiongezeka mara mbili, kimo hupungua nusu. Usikunje kiwiko, kipimo kitaharibika.

Sasa tafuta mstari wa macho. Ni pale bahari inapokutana na mbingu, na huwa sawa na kimo cha macho yako. Hapa ndipo wengi hukwama. Mtu wa mbali wanamchora mdogo, vema, lakini wanamsimamisha chini kabisa pamoja na wa karibu. Matokeo yake anaonekana mtoto! Ukisimama mahali tambarare, macho ya watu wa kimo chako, wa karibu na wa mbali, yote hukaa kwenye mstari huo. Miguu ndiyo hupanda.

Rangi nayo ina kazi. Ukiwa pwani ya Sea View, hapo hapo Upanga, mti ulio jirani una kijani kilichokolea. Miti ya Msasani, ng'ambo ya maji, imefifia na kuelekea bluu, kwa sababu kati yenu kuna hewa nyingi yenye unyevu na vumbi. Kwa hiyo, kila unapokwenda mbali ongeza nyeupe kidogo na bluu kidogo. Tena acha shina la mti wa karibu lifunike sehemu ya mashua. Mashua itarudi nyuma yenyewe.

Labda utauliza, mbona Edward Saidi Tingatinga hakufanya hivyo? Yeye alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa juu ya hadibodi, akafariki mwaka 1972. Mara nyingi mnyama wake alijaza ubao, na nyuma ilikuwa rangi tupu. Hiyo si kasoro hata kidogo. Yeye alitaka umwone chui, siyo umbali.

Zoezi: chora njia ya kwenu yenye miti mitatu, wa kwanza hatua 20 kutoka ulipo, wa pili 40, wa tatu 80. Anza kwa mstari wa macho.