Kabla ya Kuruka: Masomo ya Atakaye Urubani

Mwaka huu nimeomba nafasi katika chuo cha urubani cha Soroti, hapa hapa Uganda. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, ili kiwafundishe vijana wa Kenya, Tanzania na Uganda. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kikabaki mikononi mwa Uganda. Umri wangu ni miaka 19. Tangu wenzangu wapate habari hii huniuliza jambo moja tu: "Je, huogopi kuanguka?" Hakuna aliyeuliza juu ya hesabu, wala juu ya fomu ya daktari, nayo ndiyo mambo yaliyonikosesha usingizi.

Nianze na fomu. Mwanafunzi haruhusiwi kuruka peke yake kabla hajapata cheti cha afya kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo. Hupimwa macho, masikio, moyo na damu, tena huonyeshwa kitabu chenye madoa ya rangi, asome tarakimu zilizofichwa ndani yake. Msidhani ni mchezo. Kila ndege huwa na taa nyekundu kwenye bawa la kushoto na taa ya kijani kwenye bawa la kulia. Usiku, ukiona nyekundu kuliani kwako na kijani kushotoni, ujue kuna ndege ijayo kukuelekea uso kwa uso, na sharti wote wawili mgeuke kulia. Asiyetofautisha rangi hizo atajuaje?

Macho yangu hayakuwa na shida. Shida ilikuwa swali moja: "Umepata kuzimia, au kushikwa na degedege au kifafa?" Nilipokuwa na miaka mitatu malaria ilinipanda kichwani, nikashikwa na degedege mara moja. Mimi sikumbuki, nimesimuliwa na mama. Mjomba wangu, dereva wa lori aliyeahidi kunisaidia karo, aliisoma fomu akacheka. "Mpwa wangu, ulikuwa mtoto mdogo. Andika La. Nani atajua?"

Kwa siku mbili sikuigusa kalamu. Karo ya urubani si kama karo ya shule yetu, na mtu aliyejitolea kuilipa huwezi kumbishia ovyo. Mwisho nikamwambia, "Mjomba, nisamehe, lakini daktari atapima kwa yale nimwambiayo," nikaandika Ndiyo. Hakujibu.

Daktari hakukasirika. Aliuliza nilikuwa na umri gani, ilitokea mara ngapi, na kama nilikuwa na homa. Akaeleza kwamba degedege la homa kwa mtoto mdogo ni kitu kimoja na kifafa ni kingine, walakini alitaka karatasi ya kuthibitisha. Hospitali niliyotibiwa haikuwa na kumbukumbu za mwaka ule. Ikawa mama kufungua sanduku lake la bati, na chini kabisa, chini ya vitenge, ikaonekana kadi yangu ya kliniki, imeliwa na mende upande mmoja lakini tarehe yasomeka. Imepelekwa Kampala juma lililopita, nami nangoja.

Katika kungoja huku nasoma. Jambo la kwanza nililolikosea ni kudhani ndege huinuliwa na injini. Injini huisukuma mbele tu. Kuinua ni kazi ya mabawa. Mkipanda basi, toeni kiganja nje ya dirisha kidogo (njia ikiwa wazi, na utingo asiwaone). Kikilala sawa, upepo hupita. Kiinue ukingo wa mbele kidogo, mkono wapanda wenyewe. Kiinue mno, mkono haupandi tena, wasukumwa nyuma tu. Ndivyo bawa lilivyo: likiinamishwa kupita digrii 15 hivi dhidi ya upepo, hewa huachana na mgongo wake na ndege huanza kushuka, hata kama injini yanguruma kwa nguvu zote. Dawa yake ni kushusha pua. Mtu anayeona ardhi ikimjia hutamani kuivuta pua juu, na hapo ndipo wengi wamepotea.

Jambo la pili ni hewa nyembamba. Vitabu huchukua kwamba usawa wa bahari joto la kawaida ni digrii 15, nalo hupungua digrii 2 hivi kila tupandapo futi 1,000. Soroti ni futi 3,700 hivi. Joto la kawaida hapo lingekuwa kama digrii 8. Lakini mchana laweza kufika 30, yaani digrii 22 zaidi. Kila digrii ya ziada huhesabiwa futi 120, kwa hiyo 22 mara 120 ni futi 2,640. Jumlisha: ndege iliyosimama chini, magurudumu yakigusa lami, yafanya kazi kana kwamba iko futi 6,340! Injini yapata pumzi kidogo, mabawa yakamata hewa kidogo, na njia ya kurukia iliyotosha alfajiri huenda isitoshe saa nane mchana kwa mzigo ule ule.

Jumapili mjomba alikuja. Juu ya fomu hakusema neno. Hesabu ya hewa aliielewa upesi, maana lori lake hukosa nguvu likipanda milima ya Kabale. Ya upepo ndiyo iliyomshinda. Kutoka Soroti hadi Entebbe ni kama maili 120 za baharini. Ndege yaenda maili 100 kwa saa. Bila upepo, kwenda na kurudi ni saa 2 na dakika 24. Sasa uvume upepo wa maili 20 kwa saa kutoka Entebbe. "Kwenda wakupunguzia, kurudi wakuongezea," akasema mjomba. "Ni sawasawa." Si sawasawa. Kwenda ni maili 80 kwa saa, yaani saa 1 na nusu. Kurudi ni maili 120, yaani saa 1. Jumla saa 2 na nusu. Dakika 6 zimepotea, na petroli yake pia, kwa sababu umekaa muda mrefu zaidi katika upepo mbaya kuliko katika ule mzuri.

Mjomba alikataa. Akavuta kiti karibu na taa, akaniomba penseli, akaanza hesabu upya.