Jinsi Mkono Uliopooza Unavyoweza Kushika Kikombe

Mkwezi akianguka kutoka juu ya mnazi, au msafiri akiumia katika ajali ya gari, huenda pingili za shingo yake zikavunjika na ugwe mgongo, yaani ule mkanda wa neva upitao ndani ya uti wa mgongo, ukajeruhiwa. Majeruhi wa namna hiyo akinusurika, mara nyingi hukuta kwamba miguu haimtii tena na vidole vya mikono vimelegea. Jamaa wanaomuuguza, kwa huruma na nia njema, huvishika vidole vyake vilivyojikunja na kuvinyoosha kila siku, wakiamini kwamba kidole kilichonyooka ndicho kidole kizima. Kumbe, kwa kufanya hivyo bila kujua umbile la mkono, wanaweza kumwondolea mgonjwa uwezo mkubwa uliobaki mkononi mwake, yaani uwezo wa kushika.

Jambo hilo laonekana kama fumbo. Yawezekanaje vidole vilivyopooza vishike? Na kuvinyoosha kunadhuru kwa njia gani? Jibu limo katika kifundo cha mkono, na kila mwanafunzi anaweza kulishuhudia katika mkono wake mwenyewe.

Umbile la mkono

Kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, mkono wa mwanadamu una mifupa 27: mifupa midogo 8 ya kifundo, mifupa 5 ya kiganja, na mifupa 14 ya vidole. Kila kidole kina mifupa 3, isipokuwa kidole gumba chenye mifupa 2.

Jambo liwashangazalo wengi ni kwamba ndani ya vidole vyenyewe hamna misuli ya kuvikunja. Misuli mikubwa ifanyayo kazi hiyo imo katika kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kisukusuku na kifundo. Misuli iliyo upande wa kiganja hukunja vidole. Ile iliyo upande wa nyuma huvinyoosha. Misuli hiyo huishia katika kano, ambazo ni kamba ngumu zisizovutika kwa urahisi. Kano hizo hupita kwenye kifundo, zikaendelea hadi kwenye mifupa ya vidole, kama kamba ipitavyo juu ya kapi ili kuinua mzigo ulio mbali na mvutaji. Upande wa kiganja, kano 9 za kukunja vidole hupita pamoja na neva moja katika njia nyembamba sana iliyo kati ya mifupa ya kifundo na utando mgumu unaoifunika.

Mbali na misuli ya kigasha, kiganjani mna misuli midogo inayotawanya vidole na kuvikusanya, na inayokileta kidole gumba kikabiliane na vidole vingine. Hiyo ndiyo misuli ya ustadi.

Mwaka 1956 mtaalamu wa anatomia wa Uingereza, John Napier, aligawa namna za kushika katika mafungu mawili makubwa: kushika kwa nguvu, kama mkulima ashikavyo mpini wa jembe, na kushika kwa ustadi, kama mshonaji ashikavyo sindano. Namna zote mbili huhitaji kifundo kilicho imara na kilichokaa mahali panapofaa.

Majaribio ya darasani

Wanafunzi wafanye majaribio yafuatayo wawiliwawili.

1. Mwanafunzi wa kwanza aegemeze kisukusuku juu ya meza, kigasha kikiwa wima, kisha aulegeze mkono kabisa kama aliyelala. Wa pili akishike kiganja chake, wala asiviguse vidole, na kukiinamisha polepole upande wa mbele, kisha akirudishe nyuma kadiri kifundo kinavyoruhusu. Kifundo kinapoinama mbele, vidole hunyooka vyenyewe. Kinaporudi nyuma, vidole hujikunja na kidole gumba hukaribia ubavu wa kidole cha shahada.

2. Mwanafunzi akunje kifundo chake kuelekea upande wa kiganja hadi mwisho, kisha ajaribu kushika penseli kwa ngumi huku mwenzake akiivuta. Penseli itatoka kwa urahisi. Arudie jambo hilo kifundo kikiwa kimeinuliwa nyuma kidogo. Safari hii mvutaji atapata taabu.

3. Mwanafunzi akishike kigasha chake karibu na kisukusuku kwa mkono wa pili, kisha achezeshe vidole. Atahisi misuli ikituna na kulegea mbali kabisa na vidole vinavyocheza.

Sababu ya mambo hayo

Ichukuliwe kamba iliyofungwa upande mmoja kwenye nguzo na upande wa pili kwenye mlango mwepesi, huku ikipita juu ya kapi. Endapo kapi litasogezwa ili njia ya kamba iwe ndefu zaidi, kamba haiwezi kurefuka. Kwa hiyo mlango utavutwa, ingawa hakuna mtu aliyeuvuta. Ndivyo ilivyo kwa mkono. Kifundo kikirudi nyuma, njia ya kano za upande wa kiganja hurefuka. Msuli uliolegea una kadiri yake ya kuvutika, na ikifika mwisho, kano huvuta vidole navyo hujikunja. Kifundo kikiinama mbele, kano za upande wa nyuma ndizo zinazokazwa, na vidole hunyooka.

Jaribio la pili laeleza upande mwingine wa kanuni hiyohiyo. Msuli hupata nguvu kwa kufupika, lakini hauwezi kufupika bila kikomo. Kifundo kikiwa kimekunjwa mbele, misuli ya kukunja vidole huwa imekwisha kufupika kabla ya kuanza kazi, hata ikabaki na nguvu kidogo tu. Ndiyo maana mtu apigaye nyundo au kukamua nguo huinua kifundo nyuma kidogo bila hata kufikiri.

Neva za shingo na kazi zake

Shingo ya mwanadamu ina pingili 7, lakini jozi za neva zitokazo shingoni ni 8. Neva zilizo chini, pamoja na ya kwanza ya kifuani, ndizo zinazoendesha mkono. Kwa ufupi, kazi zake kubwa ni hizi: ya 5 huinua bega na kukunja kisukusuku, ya 6 huinua kifundo upande wa nyuma, ya 7 hunyoosha kisukusuku na vidole, ya 8 hukunja vidole, na ya kwanza ya kifuani huendesha misuli midogo ya kiganja. Mgawanyo huo si kama ukuta, kwani misuli mingi hupata neva kutoka sehemu mbili au zaidi.

Ugwe mgongo ukikatika, amri za ubongo haziwezi kupita chini ya jeraha. Tuseme jeraha la mkwezi limeacha neva ya 6 ikifanya kazi, na zote zilizo chini yake zimekatiwa mawasiliano. Mtu huyo ataweza kukunja kisukusuku na kuinua kifundo. Hataweza kukunja wala kunyoosha kidole hata kimoja kwa hiari yake. Kwa macho ya haraka, mkono huo umekufa.

Kifundo chashika kwa niaba ya vidole

Hata hivyo, kano bado zipo, nazo hazihitaji amri ya ubongo ili zivutwe. Mgonjwa akigeuza kiganja chini na kuacha kifundo kilegee, uzito wa mkono wenyewe hukiinamisha, na vidole hufunguka. Akivipeleka vidole kwenye kikombe chepesi na kuinua kifundo kwa misuli ya neva ya 6, vidole hujifunga, na kidole gumba hubana kwenye ubavu wa kidole cha shahada kama mtu ashikaye ufunguo. Akitaka kukiacha kikombe, hulegeza kifundo, na vidole hufunguka tena.

Nguvu ya mshiko huo ni ndogo, lakini kazi zake ni nyingi: kushika kijiko, mswaki, kalamu, kipande cha mkate, au karatasi ya kitabu. Kwa mtu ambaye angelishwa na kuogeshwa maisha yake yote, tofauti hiyo si ndogo. Kanuni yenyewe ni ya kutegemewa kiasi kwamba hata wapasuaji waliiiga. Mwaka 1975 daktari Erik Moberg wa Sweden alieleza upasuaji unaoimarisha mbano wa kidole gumba kwa kutumia nguvu ya kifundo.

Dhara la kunyoosha vidole ovyo

Sasa fumbo la mwanzo linafumbuka. Mshiko huu hutegemea urefu wa misuli na kano za kukunja vidole. Zikibaki fupi kiasi, kuinua kifundo hufunga vidole. Zikirefushwa, kifundo kitainuka lakini vidole vitaning'inia wazi, kama kamba iliyolegea kwenye kapi. Muuguzaji anayenyoosha vidole huku amekirudisha kifundo nyuma huzivuta kano hizo kutoka pande zote mbili kwa pamoja; na akirudia siku baada ya siku, huzirefusha. Uwezo ukiisha kupotea hivyo, ni vigumu kuurudisha.

Wala haifai kuuacha mkono bila kuuchezesha, kwani viungo visivyochezeshwa hukakamaa. Kanuni inayofuatwa ni hii: vidole vinaponyooshwa, kifundo kiinamishwe mbele, vidole vinapokunjwa, kifundo kiinuliwe nyuma. Kwa njia hiyo kila kiungo hupata mwendo wake, na kano haziharibiwi. Kwa sababu iyohiyo, mgonjwa anapojiinua kwa mikono ili ahame kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, haegemei kiganja kilicho wazi na vidole vilivyonyooka. Huviacha vidole vimekunjwa.

Ni lazima ieleweke kwamba kanuni hii ni ya mkono wa namna hii tu. Mkono uliopooza kwa kiharusi, au wenye vidole vilivyopinda kwa ukoma, una matatizo mengine na huhitaji maelekezo mengine. Hata katika jeraha la shingo, neva huweza kurudisha nguvu baadaye. Kwa hiyo mtaalamu hupima kwanza kila msuli kabla ya kuamua mkono uelekezwe wapi.

Tiba kwa vitendo

Elimu hii hutumiwa hasa na watoaji wa tiba kwa vitendo. Taaluma yao ilipata chama chake cha kwanza nchini Marekani mwaka 1917, na shirikisho la dunia mwaka 1952. Msingi wake ni kwamba mtu hupona kwa kufanya shughuli zenye maana kwake. Katika Tanzania, mafunzo ya taaluma hii hutolewa KCMC, Moshi.

Umuhimu wa tiba hii kwa majeruhi wa ugwe mgongo ulionekana wazi tangu Vita Vikuu vya Pili. Kabla ya hapo wengi wao walikufa mapema kwa vidonda vya kulalia na maradhi ya figo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianzisha kituo cha majeruhi hao huko Stoke Mandeville, Uingereza, ambako wagonjwa waligeuzwa mara kwa mara, wakapewa kazi na michezo. Mashindano ya kulenga shabaha kwa mishale aliyoyaandaa mwaka 1948 ndiyo chimbuko la Michezo ya Paralimpiki.

Mtoa tiba kwa vitendo huanza kwa kuichambua kazi. Kunywa chai, kwa mfano, kunataka bega lipeleke mkono mbele, kisukusuku kinyooke, vidole vifunguke, vishike, kisha kisukusuku kikunjwe bila kumwaga. Mtaalamu huuliza: ni hatua ipi anayoiweza mgonjwa, na ni ipi inayomshinda? Pale nguvu inaposhindwa, chombo hubadilishwa. Mpini wa kijiko hunenepeshwa kwa kuzungushiwa kitambaa au mpira wa baiskeli. Kalamu huvishwa kwenye mkanda wa kiganja. Kikombe huwekwa mikono miwili mikubwa. Mara nyingine mkono huvalishwa banzi usiku ili vidole vidumu katika mkunjo unaofaa.

Jambo moja halipaswi kusahauliwa. Neva zilizokatiwa mawasiliano hazipeleki amri tu. Ndizo pia zinazoleta habari za joto na maumivu. Mgonjwa anaweza kuungua kwa kikombe cha chai bila kuhisi. Kwa hiyo hufundishwa kuulinda mkono kwa macho, na chombo cha moto hufunikwa kwa kitambaa kinene.

Mwisho

Somo la mifupa na misuli mara nyingi hukaririwa kwa ajili ya mtihani, kisha likasahauliwa. Mkono wa majeruhi huyu waonyesha kwamba maarifa hayo ni nyenzo za maisha. Vidole vilevile, vikivutwa kwa njia moja, hupoteza mshiko. Vikichezeshwa kwa njia nyingine, huinua kikombe hadi kinywani. Huruma ya wauguzaji ni ileile katika hali zote mbili. Elimu ya umbile la mkono ndiyo inayoleta tofauti.

Maswali

1. Kwa nini mtu hawezi kukaza ngumi barabara huku kifundo chake kimekunjwa mbele kabisa?
2. Chora kigasha, kifundo na kidole kimoja. Onyesha njia ya kano ya kukunja na ya kunyoosha. Ni sehemu gani inayofanya kazi ya kapi?
3. Majeruhi amepoteza neva ya 6 na zote zilizo chini yake, lakini ya 5 ni nzima. Je, ataweza kushika kikombe kwa njia iliyoelezwa? Toa sababu.
4. Chambua kazi ya kupiga mswaki hatua kwa hatua, kisha taja mahali ambapo kubadilisha chombo kungemsaidia mtu asiyeweza kukunja vidole.