Notisi isiyotaja kosa: Adhabu za kodi ya mapato zinavyopingwa India

Msomaji aliyezoea kufuata bei za pamba katika ukurasa huu huenda asijue kwamba kiwanda cha kuchambua pamba cha kusini mwa India ndicho kilichotoa jina kwa moja ya hukumu zinazotajwa sana katika kesi za kodi za nchi hiyo. Hukumu hiyo ilitolewa na Mahakama Kuu ya Karnataka mwezi Desemba 2012, na kiwanda chenyewe ni Manjunatha Cotton and Ginning Factory. Jambo linaloifanya itajwe hadi leo ni karatasi moja: notisi ambayo ofisa wa kodi humpelekea mfanyabiashara kabla ya kumtoza adhabu.

Somo letu la wiki hii linahusu karatasi hiyo. Wapo miongoni mwetu wanaonunua mashine, dawa na vitambaa India, na wapo wenye washirika huko. Huenda wamesikia kwamba fulani alifutiwa adhabu kwa sababu ofisa alisahau kupiga mstari kwenye fomu. Habari kama hizo ni za kweli, ila mara nyingi husimuliwa nusu.

Tuanze na sheria. Kifungu cha 271(1)(c) cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya India ya 1961 kilimruhusu ofisa kumtoza adhabu mlipa kodi kwa mojawapo ya makosa mawili: kuficha mapato yake, au kutoa maelezo yasiyo sahihi kuhusu mapato hayo. Adhabu ilikuwa haipungui kodi iliyotaka kukwepwa na haizidi mara tatu yake. Tuseme kodi inayodaiwa kukwepwa ni rupia 300,000. Mfanyabiashara hulipa hizo 300,000 pamoja na riba, kisha juu yake anaongezwa adhabu isiyopungua 300,000 na inayoweza kufika 900,000. Kwa mwenye duka la kawaida huo si usumbufu tu, ni mtaji wa kuagiza bidhaa unaotoweka.

Kwa kuwa adhabu ni nzito, kifungu cha 274 kinasema hakuna amri ya adhabu itakayotolewa kabla mlipa kodi hajapewa nafasi ya kusikilizwa. Nafasi hiyo huanza na notisi. Kwa miaka mingi notisi ilikuwa fomu iliyopigwa chapa, yenye makosa yote yakiwa yameorodheshwa, na ofisa alitakiwa akate kwa kalamu yale yasiyohusika. Maofisa wengi hawakukata kitu. Walijaza jina, tarehe na mwaka wa kodi, wakatia saini, notisi ikaenda. Aliyeipokea alisoma kwamba ameficha mapato au ametoa maelezo yasiyo sahihi, basi.

Kuna atakayeuliza, je, kuna tofauti gani, si yote ni udanganyifu? Tofauti ipo na ni kubwa. Chukua mchuuzi wa pamba aliyeuza marobota 100 na kuandika 80 katika vitabu vyake. Huyo anatuhumiwa kuficha, na utetezi wake utakuwa juu ya marobota 20: hayakuuzwa, yaliharibika, au yalikuwa ya mtu mwingine. Sasa chukua mwenzake aliyeandika marobota yote 100, lakini akadai punguzo la gharama ambalo ofisa amelikataa. Huyu hakuficha kitu. Utetezi wake ni kwamba maelezo yake yalikuwa kamili na kwamba walichotofautiana na ofisa ni tafsiri ya sheria. Mahakama ya Juu ya India ilikubali hoja ya namna hiyo mwaka 2010 katika kesi ya Reliance Petroproducts, iliposema kwamba kudai punguzo ambalo baadaye limekataliwa hakutoshi, peke yake, kuwa ni kutoa maelezo yasiyo sahihi. Hivyo asiyeambiwa ametuhumiwa kwa lipi hajui alete hati za ghalani au hoja za kisheria.

Ndiyo maana Mahakama Kuu ya Karnataka ilisema mwaka 2012 kwamba kutuma fomu iliyopigwa chapa yenye makosa yote hakukidhi masharti ya sheria. Notisi lazima itaje kosa waziwazi. Mwaka 2015 mahakama hiyo hiyo iliufuata msimamo huo katika kesi ya SSA's Emerald Meadows. Idara ya Kodi ikaomba ruhusa ya kukata rufani Mahakama ya Juu, na Agosti 2016 ombi likatupwa.

Hapa msomaji awe mwangalifu. Mahakama ya Juu ikitupa ombi la ruhusa kwa maneno machache haimaanishi kwamba imeweka sheria kwa nchi nzima. Imekataa tu kuisikiliza rufani hiyo. Mawakili wengi waliinua mikono kana kwamba mambo yamekwisha, na hayakuwa yamekwisha. Bombay, kwa mfano, ilikuwa na hukumu yake ya zamani, ya mwaka 1992, iliyosema kwamba kutokata maneno peke yake hakuui notisi kama mlipa kodi alikwisha kuelewa tuhuma kutokana na makadirio ya kodi aliyokuwa ameyapokea. Na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Madras iliikatalia kampuni ya Sundaram Finance. Kampuni hiyo ilikuwa imejibu notisi, ikabishana ngazi zote bila kulalamikia fomu, kisha ikaibua suala hilo kwa mara ya kwanza mbele ya Mahakama Kuu. Majaji walisema kampuni iliielewa notisi vizuri na haikudhurika. Ombi lake kwa Mahakama ya Juu nalo lilitupwa mwaka huo huo. Kwa hiyo kila upande ukawa na ombi lililotupwa la kujisifia.

Mgongano huo ulifanya majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Bombay waketi pamoja, na Machi 2021 wakatoa hukumu ambayo kwa maoni yetu ndiyo yenye hoja nzito kuliko zote. Idara ilijitetea kwamba hata kama notisi haikukatwa maneno, makadirio ya kodi yalieleza kosa. Majaji walikataa. Walisema notisi ya adhabu ni hati inayojitegemea inayotakiwa na sheria, na mlipa kodi hapaswi kwenda kutafuta tuhuma yake katika karatasi nyingine. Shaka katika sheria ya adhabu humnufaisha anayeadhibiwa. Kosa hilo la kutokata maneno, walisema, linabatilisha shauri zima la adhabu.

Idara ina ngao yake, kifungu cha 292B, kinachosema notisi haitabatilika kwa sababu ya kosa au upungufu ikiwa kwa maana yake inalingana na makusudi ya sheria. Kifungu hicho kinasaidia pale jina limeandikwa vibaya herufi moja au tarehe imekosewa na kila mtu anajua inayokusudiwa. Anayetaka kupinga adhabu kwa makosa ya namna hiyo anapoteza ada ya wakili. Tuhuma yenyewe isipotajwa, hilo si kosa la mchapaji.

Sasa utaratibu. Mhasibu hodari huziweka mezani karatasi tatu kwa pamoja: makadirio ya kodi, notisi, na amri ya adhabu. Mwisho wa makadirio ofisa huandika kwamba anaanzisha shauri la adhabu na kwa kosa gani. Kisha husomwa notisi: je, imetaja kosa hilo hilo, imetaja yote mawili, au haikutaja lolote? Mwisho amri: adhabu imetolewa kwa kosa lipi? Makadirio yakisema maelezo yasiyo sahihi, notisi ikiwa na yote mawili, na amri ikisema kuficha mapato, mlipa kodi ana hoja nzito sana mkononi.

Notisi isiachwe bila kujibiwa hata kama ina dosari. Jibu liandikwe ndani ya muda, likisema kwanza kwamba notisi haikutaja kosa na kuomba litajwe, kisha likijibu tuhuma zote mbili kwa hati na hesabu. Yaliyoipata kampuni ya Madras yanatosha kuonyesha hatari ya kungoja. Ni kweli kwamba Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1996, katika kesi ya National Thermal Power, kwamba Baraza la Rufani za Kodi ya Mapato linaweza kupokea hoja mpya ya kisheria ikiwa mambo yake tayari yamo katika jalada. Lakini kama notisi yenyewe haimo kwenye jalada, hoja hiyo itasimama juu ya nini? Rufani ya kwanza dhidi ya amri ya adhabu, mbele ya kamishna wa rufani, ina siku 30.

Mtu anaweza kudhani Idara itatuma tu notisi nyingine iliyo sahihi. Mara nyingi haiwezi, kwa kuwa kifungu cha 275 kimeweka ukomo wa muda wa kutoa amri ya adhabu, na rufani zinapomalizika muda huo huwa umekwisha zamani. Hata hivyo kinachofutwa ni adhabu. Kodi iliyoongezwa pamoja na riba yake hubaki vilevile mpaka ipingwe kwa hoja zake.

Kuanzia mwaka wa makadirio 2017-18 kifungu cha 271(1)(c) kilipisha kifungu cha 270A, chenye adhabu ya asilimia 50 ya kodi kwa aliyetaja mapato pungufu na asilimia 200 kwa aliyepotosha. Kupotosha nako kuna aina zake zilizoorodheshwa. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Delhi, katika kesi ya kampuni ya Schneider Electric ya Singapore, iliona kwamba kumtuhumu mtu kupotosha bila kutaja ni kwa aina ipi hakutoshi. Kwa hiyo fomu na kifungu vimebadilika, ila swali ni lile lile. Sheria mpya ya 2025 inachukua nafasi ya ile ya 1961 kuanzia tarehe 1 Aprili 2026, na mashauri ya miaka ya nyuma yataendelea kutumia vifungu hivi kwa muda mrefu bado.

Mahakama za Tanzania na Kenya hazifungwi na hukumu za India, ingawa mawakili huzitaja na majaji huweza kuzisikiliza kama hoja za kushawishi. Huku kwetu muda ndio huwaangusha wengi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya 2015 na Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya ya mwaka huo huo zote zilitoa siku 30 za kuweka pingamizi. Andika tarehe uliyoipokea notisi juu ya notisi yenyewe, siku ile ile, na utunze bahasha.