Kula Katika Nyumba ya Kale: Somo Kutoka Hurumzi, Unguja

Katika mdahalo wa shule yetu muhula uliopita tuliulizwa swali hili: Je, ni vema jumba la kale lenye historia ligeuzwe kuwa hoteli ya kulia chakula? Wengine walisema ni aibu. Wengine wakasema ni heri hoteli kuliko gofu. Kura zilikaribiana sana. Lakini pande zote mbili hapana aliyetaja hata nyumba moja kwa jina lake. Kwa hiyo nimejaribu kulichungua jambo hili kwa mfano mmoja wa hakika, nao ni jumba la Hurumzi katika Mji Mkongwe wa Unguja. Nanyi kaka zetu mliotutangulia shuleni hapa, tafadhali someni mpaka mwisho, maana pana neno linalowahusu.

Zamani za Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, palikuwa na tajiri mmoja wa Kihindi jina lake Tharia Topan, aliyesimamia forodha za Sultani. Jumba la Hurumzi lilikuwa lake. Baadaye, mwaka 1897, ilitolewa amri ya kuwaruhusu watumwa wa Unguja na Pemba kudai uhuru wao. Fidia walilipwa mabwana, wala si watumwa wenyewe. Wenyeji husimulia kwamba kazi hiyo ilifanyika katika jumba hilo, na kwamba jina la Hurumzi latokana na neno huru. Katika miaka ya 1990 jumba lilitengenezwa upya likawa nyumba ya wageni, na juu darini pakawekwa mahali pa kulia. Huko wageni wamezoea kuvua viatu na kuketi juu ya mito, wakila huku upepo wa bahari ukiwapunga.

Basi, mtu akialikwa kula katika nyumba ya namna hii asitazame sahani peke yake. Kwanza atazame ukuta. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na unene wake hupata dhiraa moja au kupita. Ndiyo maana ndani hamna joto kali hata mchana. Kisha ainue macho atazame boriti. Hizo ni miti ya mikoko, na kwa kawaida haivuki nafasi ya zaidi ya mita tatu hivi. Kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba, hata vya matajiri. Mwenye mali aliweza kuongeza ghorofa na kuchonga mlango wa fahari, lakini upana wa chumba chake ulipimwa na mti wa mkoko.

Sasa tuulize, nyumba kama hii hufa kwa nini? Aghalabu haiuawi na uzee. Huuawa na maji. Paa likivuja, mvua huingia ukutani ikailegeza chokaa. Ncha za boriti zilizomo ukutani huoza, sakafu hulegea, na mwisho ukuta hupasuka. Beit al-Ajaib, jumba kubwa lililojengwa mwaka 1883, lilitoa onyo mwaka 2012, sehemu ya roshani yake ilipoanguka. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati mafundi wamo kazini kulitengeneza, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakafa. Mji wenyewe ulikuwa umekwisha kutiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Ni dhahiri basi kwamba sifa peke yake haishikilii ukuta.

Hapo ndipo hoteli inapofaa. Nyumba yenye watu kila siku haivuji kwa siri: tone likianguka mezani, mwenye hoteli humwita fundi asubuhi yake. Tena fedha za chakula hununua chokaa na boriti. Lakini hoteli nayo ina hatari zake. Jiko na vyoo huleta maji mengi mahali ambapo hapakuwa na mabomba, na bomba likipasuka ndani ya ukuta madhara yake ni kama ya mvua. Tena wako wanaoziba nyufa kwa saruji kwa kuwa ni ngumu. Saruji huzuia unyevu usitoke, nao hubaki ndani ukiula ukuta. Ukuta wa chokaa hutibiwa kwa chokaa.

Hatari nyingine si ya mawe. Chakula cha darini kina bei, na wenyeji wengi hawaimudu. Wao hula urojo na mishikaki katika bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2009. Si vibaya, ila haifai nyumba iokolewe kisha iwe ngeni kwa watu wake. Vilevile haifai mgeni ashibe mahali ambapo yasimuliwa watu walihesabiwa bei, asiambiwe neno. Pilau haiharibiki kwa kusikiliza habari za kweli.

Kwa hiyo jibu langu kwa mdahalo ni ndiyo, kwa masharti matatu: paa litengenezwe kwanza, fundi afuate asili ya jengo, na habari za nyumba zisimuliwe, wenyeji nao wakiwa na siku yao ya kuingia.

Tusiishie Unguja. Jengo la kwanza la shule yetu, ambamo wanafunzi wa mwanzo walilala na kula, sasa limefungwa kwa kufuli, na lipo shauri la kulibomoa. Si la matumbawe, ni la matofali ya kuchoma. Lakini maji hayabagui. Mabati matatu yameng'oka upande wa magharibi, na ukuta ulio chini yake umeanza kufanya ukungu. Mimi naona lifanywe ukumbi wa kulia Siku ya Wazazi na siku ya wanafunzi wa zamani. Sisi tutapika na kuandaa meza, wageni watalipa kidogo, na fedha zitalitunza jengo lenyewe. Kaka zetu, hatuombi picha ukutani wala rangi mpya. Twaomba mabati matatu na misumari, kabla ya mvua za masika.