Mbolea ya Elfu Mbili na Mia Tano

Mvua ya Machi inapokaribia, kuanzia Likuyani hadi Khwisero, wakulima wa Kakamega huuliza mengi kuhusu mbolea ya serikali. Haya ndiyo yanayoulizwa zaidi.

Je, serikali humlipa mkulima pesa?

Hapana. Serikali hubeba sehemu ya bei, naye mkulima hulipa iliyobaki. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulikuwa umepita shilingi 6,000 madukani. Ruzuku ikaushusha hadi 3,500 Septemba mwaka huo, kisha 2,500 Agosti 2023.

Mkulima huipataje mbolea hiyo?

Husajiliwa mtaani kupitia ofisi ya chifu, kwa kitambulisho na nambari ya simu. Ekari na mazao yake huingizwa katika KIAMIS, mfumo wa serikali wa kusajili wakulima. Msimu ukifika hutumiwa vocha kwa ujumbe mfupi, hulipa kwa simu, kisha huchukua mbolea katika bohari la Bodi ya Nafaka (NCPB) au chama cha ushirika kilichoteuliwa. Aliyebadilisha laini ahakikishe nambari mpya imeingizwa mapema, la sivyo vocha itaenda kwa simu isiyotumika.

Anayelima nusu ekari hufaidika?

Hufaidika, ila kidogo kuliko inavyotangazwa. Tuseme bohari liko mbali na nauli ya bodaboda, mtu na mzigo, ni shilingi 600 kwenda na kurudi. Mfuko umefika 3,100. Mwenye ekari kumi kule Lugari hukodi gari moja na gharama hiyo haimsumbui. Anayehitaji mfuko mmoja hulipa karibu robo ya bei juu yake. Hapo ndipo mpango huu unapowaumiza wale uliokusudiwa kuwasaidia. Majirani wakichangia usafiri mzigo hupungua, lakini kusogeza vituo hadi wadini ni wajibu wa serikali.

Mbona wengine huweka mbolea na mahindi yakadumaa?

Mara nyingi tatizo ni udongo. Sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ina udongo wenye asidi. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, madini ya alumini na chuma hushika fosforasi, na mizizi haiipati. DAP, mbolea inayopendwa sana hapa, ina fosfeti asilimia 46. Mfuko mmoja una kilo 23. Katika udongo mchachu sana, sehemu kubwa ya kilo hizo hubaki imefungwa ardhini. Isitoshe, DAP ikitumika mwaka baada ya mwaka huongeza asidi yenyewe. Dawa yake ni chokaa ya shambani, inayochanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, kwa kiasi kinachotokana na vipimo. Kumuuzia mkulima mbolea ya bei nafuu bila kumpimia udongo ni kazi nusu.

Mbolea bandia ya 2024 je?

Ilikuwa pigo la kweli. Mifuko isiyofikia viwango iliuzwa ndani ya mpango wenyewe wakati wa kupanda. Kwa sababu hiyo, Mei 2, 2024 Bunge la Taifa lilipiga kura ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Kamati ya wabunge 11 ikasema baadaye kuwa mashtaka dhidi yake hayakuthibitishwa. Serikali iliahidi fidia, ingawa msimu haungoji fidia.

Anayenunua sasa ahifadhi ujumbe wa malipo na mfuko wenyewe hadi mahindi yamee vizuri. Akishuku kitu, aache kuitumia mbolea hiyo na apeleke sampuli kwa afisa wa kilimo wa wadi.